Sabufa za Matatu ya Mtwapa

Mwaka 2011 nilikuwa najifunza kazi kwa ami yangu, fundi wa redio za magari pale Mwembe Tayari, Mombasa. Wateja wetu wengi walikuwa watu wa matatu, na watu wa matatu wana maradhi yao: besi. Gari linaweza kwenda bila kioo cha pembeni, lakini mdundo lazima abiria ausikie kifuani.

Siku hiyo ililetwa HiAce ya Mtwapa, muziki wake unajizima wenyewe. Sauti ikiwa chini, hakuna neno. Makanga akiipandisha tu, taa za mbele zinafifia kila besi inapopiga, kisha amplifaya inawasha taa nyekundu na kunyamaza. Fundi aliyeufunga mtambo huo alikuwa amemwambia tajiri kwamba amplifaya ni ndogo, anunue nyingine.

Ami hakuigusa amplifaya. Aliniambia nichomoe waya za sabufa, zile spika kubwa za besi, akaweka mita. Ikasoma chini kidogo ya omu 1. Omu ni kipimo cha namna spika inavyozuia umeme: zikipungua, amplifaya inakamuliwa zaidi.

"Haya, nisomee kitabu cha amplifaya."

Boksi lilikuwa na wati 3000 kubwa za kuuzia. Kitabu ndicho kilichosema kweli: wati 500 kwa omu 4, wati 1000 kwa omu 2, chini ya hapo usifunge. Sabufa zilikuwa mbili za inchi 12, kila moja na koili mbili za omu 4, yaani nyaya zilizozungushwa zinazosukuma koni ya spika. Koili zote nne zilikuwa zimefungwa sambamba, kila moja ikipokea umeme kwa njia yake, ndiyo maana zikashuka hadi omu 1. Amplifaya ilikuwa ikikamuliwa kupita uwezo wake, na kule kujizima ni kujiokoa.

Tajiri alipoelezwa akasema, "Basi nifungie hizo omu 2, mzee. Mimi nimelipia wati 1000."

Utamu wa kazi ulianzia hapo, maana sabufa mbili za namna hiyo hazikupi omu 2 ukitumia koili zote, zifunge utakavyo. Koili za kila moja ukizifunga sambamba unapata 2, na sabufa mbili sambamba ndiyo ile 1 ya balaa. Ukizifunga mfululizo, umeme upite moja kisha nyingine, unapata 8, na sabufa mbili sambamba zinakuwa 4. Omu 2 utaipata kwa sabufa moja peke yake. Kwa hiyo ni wati 1000 kwa moja, au wati 500 zigawanywe kwa mbili.

Tajiri akakunja uso. Ami hakubishana naye. Alifunga sabufa moja kwa omu 2, akapiga wimbo kwa muda mfupi tu, kwa sababu sabufa yenyewe iliandikiwa kubeba wati 500. Kisha akaniachia nifunge zote mbili kwa omu 4. Kabla ya kuzifunga alinipa betri ya tochi: gusa ncha za waya, tazama koni inasukumwa nje au inavutwa ndani. Moja ikienda nje na mwenziwe ndani, zinauana, na besi utaitafuta usiipate. Mpaka leo naamini betri ile kuliko rangi za waya, maana rangi huchaguliwa na aliyefunga.

Mara zote mbili makanga aliwekwa nje, mgongo kwenye gari. Wimbo uleule, sauti haikuguswa. Ami akamuuliza: ipi ina sauti kubwa, ya sabufa moja au ya mbili? Akasema ya pili. Akafikiri, akasema la, ni sawasawa. Na ni sawasawa kweli: wati zikipungua nusu unapoteza desibeli 3, kipimo cha ukubwa wa sauti, lakini sabufa mbili zikisukuma hewa kwa pamoja zinakurudishia desibeli 3 zilezile. Faida iko kwingine. Kila sabufa inabeba wati 250, amplifaya haichemki, na alteneta, inayozalisha umeme wa gari, inapumua. Taa za mbele zilitulia.

Tajiri alilipa, ila donge la wati 500 zilizolala lilikuwa bado kooni.

"Na nikileta nyingine mbili kama hizi?"

Ami akahesabu kwa vidole. Nne, kila moja omu 8, zote sambamba. "Hapo ni omu 2 barabara. Utazipata wati zako zote."

Tajiri akachangamka, akamgeukia makanga. Makanga alikuwa anakitazama kiti cha nyuma.

"Na abiria wa huku tutawakalisha wapi, tajiri?"