Gugu maji ni marufuku Uingereza, hata la kumgawia jirani

Ndugu zetu huku Uingereza hulalamika: ua tu hilo, serikali inatafuta nini kwenye kidimbwi cha bustani yangu? Ua lenyewe ni gugu maji, lile lile la Ziwa Victoria. Zamani liliuzwa waziwazi kwenye maduka ya mimea kwa sababu ya maua yake ya zambarau. Agosti 2016 likaingia katika orodha ya kwanza ya viumbe vamizi ya Umoja wa Ulaya, na Uingereza ilipojitoa kwenye Umoja ilibaki na katazo hilo.

Wengi wanadhani kosa ni kuuza tu. Hapana. Huruhusiwi kulitunza, kulisafirisha, kubadilishana na mwenzako, wala kuliacha lizaliane. Sisi tuliozoea kumkatia jirani kipando kabla hajaomba tuwe macho hapo, maana kifungo chaweza kufika miaka 2.

Wapo wanaosema baridi ya hapa italiua lenyewe. Kweli, baridi kali huliua. Lakini orodha ilitungwa kwa bara zima, na mto Guadiana huko Hispania umehangaika nalo tangu 2004.

Mimi ni mtu wa Mwanza, sihitaji kushawishiwa. Miaka ya 1990 niliona mwalo umefunikwa zulia la kijani, mitumbwi imekwama, wavuvi wanasukumana na majani badala ya kutega nyavu. Gugu hili huchipuza vitoto pembeni, na likipata joto na maji machafu huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Uling'oe, mbegu zimebaki kwenye tope miaka mingi. Walioleta nafuu ni fukusi kutoka Amerika Kusini, asili ya gugu lenyewe, walioachiwa ziwani walitafune. Hata leo halijaisha. Na lilitolewa kwao Amazon na watu waliolipenda kama pambo la bustani, mpaka likashuka na mto Kagera kuja kwetu. Ziwa lile lingepata sheria kama hii mapema, wazee wetu wasingeteseka vile.

Kama unalo, usilitupe mtoni wala kwenye mfereji. Litoe kidimbwini, ulianike mbali na maji mpaka likauke kabisa. Ukiona mtu analitangaza kwenye kundi letu la simu, mpigie umweleze kabla hajamkabidhi mwingine.