Karo, muda, kama: ninavyoandika sauti za wazee wa Kijapani wa São Paulo

Dakika 1 ya mahojiano hunila dakika 10 kuiandika, na mzee akiwa amekulia kwenye mashamba ya kahawa, hufika 15. Kijapani chao wenyewe wanakiita koroniago, lugha ya koloni: Kijapani cha vijijini kilichomea Brazili na kuota maneno ya Kireno. Meli ya Kasato Maru, iliyoleta wahamiaji wa kwanza wa Kijapani, ilitia nanga Santos mwezi Juni 1908 na watu 781 wa mkataba, kundi kubwa likitoka Okinawa, visiwa vya kusini kabisa mwa Japani. Kwa hiyo usitegemee Kijapani cha redio ya Tokyo.

Kwanza nasikiliza rekodi nzima bila kuandika, nikitafuta jambo moja tu: wazazi walitoka mkoa gani. Niliwahi kuiruka hatua hii, nikaandika "batem", neno la Kireno la "wanapiga", mara sita katika ukurasa mmoja. Kumbe mzee alikuwa akisema "batten", ambalo kwa watu wa Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Japani, ni "lakini" tu. Ukurasa mzima wa watu kupigana ikabidi niufute.

Kisha nachora safu tatu: sauti, asili, maana. Safu ya sauti naijaza kwa herufi za Kilatini. Ukitumia katakana, herufi ambazo Wajapani huandikia maneno ya kigeni, hapo unajitafutia balaa, maana haitofautishi l na r, wala r moja na mbili. "Karo" inaweza kuwa gari (carro) au ghali (caro). Nami sikio langu la Kiswahili linasikia ada ya shule. "Meza" peke yake ndiyo hainisumbui, kwa kuwa sisi na wao tumeitoa kwa Mreno yuleyule.

Mtego mbaya zaidi ni "kama". Kwa Kijapani ni mundu, kwa Kireno ni kitanda, na shambani vyote viwili vilikuwepo. Kiunganishi "de" hakikusaidii: "kama de kiru" ni kukata kwa mundu, "kama de neru" ni kulala kitandani. Kitenzi cha Kijapani huja mwisho, basi subiri sentensi iishe ndipo ujaze safu ya maana.

Vitenzi vya Kireno hupachikwa "suru", yaani kufanya. "Namora suru" ni kuwa na mpenzi. "Muda suru" ni kuhama, wala haihusu wakati. Angalia kilichochukuliwa: si namorar au mudar ya kamusini, bali umbo la "yeye anafanya", lile lililosikika kila siku. Ukilisahihisha umefuta ushahidi kwamba lugha iliingia kwa masikio, si kwa vitabu. Kimya kinachozidi sekunde 3 nacho nakiandika, hasa mazungumzo yakifika miaka ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ambapo kusema Kijapani hadharani kulipigwa marufuku. Shule zao za vijijini zilikuwa zimeshabanwa na sheria tangu 1938.

Neno "gaijin", mtu wa nje, siligusi kabisa. Wazee wanawaita hivyo Wabrazili, ndani ya Brazili, huku wahamiaji ni wao. Mtafsiri akiandika "Mbrazili" sentensi inasomeka vizuri zaidi, ila jambo lenyewe limepotea.

Kwa wajukuu waliokwenda viwandani Japani baada ya sheria ya uhamiaji kubadilishwa mwaka 1990, mfano Hamamatsu na Oizumi, safu zilezile zinafanya kazi, ila asili inageuka. Sentensi ni ya Kireno, maneno ya kazi ni ya Kijapani: "fazer zangyō" ni kufanya kazi ya ziada, "fazer yakin" ni kuingia zamu ya usiku. Ni "namora suru" iliyopinduliwa. Kwao naongeza safu ya nne: msemaji anajiita nani katika sentensi hiyo. Brazili alikuwa "japonês", Japani ameitwa Mbrazili, na katika rekodi ya saa moja jina hubadilika kulingana na anayemzungumzia, kwa hiyo naijaza sentensi kwa sentensi, si mara moja juu ya ukurasa.