Ruta niliyoinunua na funguo nisizopewa

Katika sanduku la ruta ya 4G niliyoinunua miaka michache iliyopita kulikuwa na ruta yenyewe, chaja, kijitabu cha maelekezo na karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi, yenye maandishi madogo kama ya kwenye boksi la dawa. Kijitabu nilikiweka kando bila kukifungua, lakini karatasi ile niliisoma yote, kwa sababu nina ugonjwa wa kusoma leseni ambao umenipotezea muda mwingi maishani. Ilieleza kwamba ndani ya kifaa kile mna kiini cha Linux, yaani programu ya msingi inayokiendesha kifaa, na programu nyingine zilizotolewa chini ya leseni ya GPL toleo la 2, na kwamba anayetaka msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya wasanidi ambayo programu huundwa kutokana nayo, aandike kwenye anwani iliyotajwa ndani ya miaka mitatu. Niliandika. Baada ya mwezi niliandika tena. Ruta ikazeeka, nikaiweka kwenye droo, na jibu halijaja mpaka leo.

Sikuwa naomba hisani. Ruta ile ilikuwa imefungwa ili ikubali laini za kampuni moja tu, na sasisho lake la mwisho lilikuwa la tarehe iliyotangulia siku niliyoinunua, maana yake ni kwamba kila tundu la usalama lililogunduliwa tangu hapo lilibaki wazi sebuleni kwangu. Nilitaka kuona kilichomo, nikirekebishe, kisha niirudishe kazini. Ahadi ya kunipa msimbo haikuwa ukarimu wa kiwanda bali sharti ambalo kiwanda kililikubali siku kilipochukua kiini kilichoandikwa na maelfu ya watu wengine na kukitia ndani ya plastiki yake bila kulipa chochote. Malipo yenyewe ni hayo: ukimpa mtu programu hii, umpe na msimbo wake.

Watu wengi hudhani kwamba ukinunua kompyuta umenunua vyote vilivyomo. Ukweli ni kwamba umenunua maunzi, yaani mashine yenyewe, na programu umepangishwa. Mpangaji wa Dar es Salaam, anayedaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, angalau ana mwenye nyumba wa kumgongea mlango akitaka ruhusa ya kupigilia msumari ukutani. Mpangaji wa programu amebonyeza neno "nakubali" chini ya kurasa arobaini ambazo hakuzisoma, na mlango wa kugonga haupo. GPL iliandikwa ili kuugeuza mkataba huo, na napenda kukumbusha kwamba chimbuko lake lilikuwa mashine iliyokorofisha watu ofisini. Mnamo mwaka 1980 hivi, maabara ya akili bandia ya chuo kikuu cha MIT, Marekani, ilikuwa na mashine ya Xerox ya kuchapisha kwa leza ambayo karatasi zilikuwa zikikwama. Richard Stallman, mwanaprogramu wa maabara hiyo, alikwisha kuiboresha programu ya mashine iliyotangulia ili iwajulishe watumiaji karatasi zinapokwama, lakini kwa hii mpya hakuweza, kwa kuwa msimbo wake haukutolewa, na aliyekuwa nao alikwisha kuahidi kutomwonyesha mtu. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo mzima wa programu huria. GPL ya kwanza ikatoka mwaka 1989 na toleo la 2 mwaka 1991. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ambaye masharti yake ya awali yalikataza kuiuza Linux, aliihamishia kwenye GPL mwaka 1992.

Kwamba leseni hiyo ina meno, si karatasi ya kukunjwa tu, tuliliona kwenye ruta nyingine: ile ya buluu na nyeusi yenye antena mbili, WRT54G ya Linksys, iliyoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2002. Katikati ya mwaka 2003, wakati Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, ilipokuwa inakamilisha kuinunua Linksys katika mapatano ya thamani ya dola milioni 500 hivi, wasanidi wa Linux waligundua na kuandika hadharani kwamba ndani ya ruta hiyo mlikuwa na kiini chao, na kwamba msimbo haukutolewa kama leseni inavyotaka. Ninachokipenda katika kisa hiki ni jinsi kosa lilivyopita mikononi mwa watu wengi bila mtu kulishika: chipu ilitoka Broadcom, programu ikaandaliwa na kampuni nyingine iliyopewa kazi, Linksys ikabandika nembo, Cisco ikanunua nembo. Kila mmoja angeweza kumnyooshea kidole mwenzake, lakini leseni haijali nani alianza, maana anayekifikisha kifaa kwa mteja ndiye mwenye deni. Julai 2003 msimbo ukatolewa.

Kilichofuata sidhani kama kuna mtu kwenye kampuni hizo aliyekitarajia. Mwanzoni mwa mwaka 2004 ukazaliwa mradi wa OpenWrt, wa programu huria ya kuendeshea ruta, kutokana na msimbo huo, na ruta ya nyumbani yenye RAM ya MB 16 na hifadhi ya MB 4 ikaanza kufanya kazi ambazo vifaa vya bei ya mara nyingi zaidi ndivyo vilivyokuwa vikizifanya: kugawa kasi ya mtandao kwa haki, kuunganisha ofisi mbili kwa njia ya siri, kurusha waifai kutoka jengo hadi jengo. Watu waliinunua kwa sababu inafunguka. Linksys ilipotoa toleo la 5 ikaondoa Linux na kuweka VxWorks, mfumo uliofungwa, hifadhi ikapunguzwa hadi MB 2 na RAM hadi MB 8, na wateja hao wakakasirika kiasi kwamba kampuni iliirudisha mashine ya zamani kwa jina la WRT54GL, ikaendelea kuiuza kwa miaka mingi baada ya ruta za rika lake kutoweka madukani. Sijui ushahidi mzuri zaidi wa kibiashara kwamba uwazi wa maunzi unaweza kumwingizia fedha hata yule ambaye hakuutaka. Cisco yenyewe ilishitakiwa na Free Software Foundation, shirika lililoanzishwa na Stallman, Desemba 2008 kwa kutoyatimiza masharti kwenye bidhaa za Linksys, na wakapatana mwaka uliofuata.

Ndiyo maana nikiulizwa kati ya GPL na leseni laini kama ile ya BSD, isiyomlazimisha mtu kutoa msimbo, nachagua GPL bila kusita, ingawa marafiki zangu wasanidi huniita mkaidi. PlayStation 4 inaendeshwa na mfumo uliojengwa juu ya FreeBSD, ambayo ipo chini ya leseni hiyo, na Sony haidaiwi na mtu yeyote msimbo wa mabadiliko yake. Ilichukua kihalali, ikafunga kihalali. Wanaoitetea BSD husema kwamba uhuru ni pamoja na uhuru wa kufunga. Nawaelewa, lakini uhuru huo ni wa kiwanda, na mimi nipo upande wa mtu mwenye ruta. Kiini cha WRT54G kingekuwa chini ya leseni ya namna hiyo, wala kusingekuwa na deni la kudai.

Hata hivyo leseni peke yake hufika mahali ikagonga ukuta, na kisa hichohicho cha ruta ya buluu kinaonyesha ukuta ulipo. Msimbo uliotolewa mwaka 2003 haukuwa na draiva ya waifai ya Broadcom, yaani programu inayokiwezesha kiini kuiendesha chipu hiyo. Hiyo ilikuja kama faili iliyokwisha kuundwa, isiyosomeka, iliyotengenezwa kwa ajili ya kiini cha toleo la 2.4. Kwa miaka kadhaa OpenWrt ilibaki imefungwa kwenye kiini hicho cha zamani kwa vifaa vya Broadcom, huku Linux yenyewe ikisonga mbele, mpaka watu wakaichunguza chipu kwa nje, wakaandika maelezo ya jinsi inavyofanya kazi, na wengine wakaandika draiva upya kutokana na maelezo hayo. Sehemu moja tu iliyofungwa ilitosha kuichelewesha mashine nzima.

Ukuta wa pili ulijengwa na TiVo, kifaa cha Marekani cha kurekodia vipindi vya televisheni. TiVo ilitumia Linux na ikatoa msimbo wake bila kusumbua mtu, lakini maunzi yake yalikagua saini ya kidijiti kila yalipowashwa, na ukiweka programu uliyoirekebisha mwenyewe kifaa kinakataa kuiendesha. Umepewa msimbo, umenyimwa kifaa. GPL toleo la 3, lililotoka Juni 2007, liliandikwa kwa sehemu ili kuziba mwanya huo: kwa vifaa vya matumizi ya nyumbani, anayetoa msimbo atoe pia maelezo na funguo za kuusakinisha. Torvalds hakukubali, akishikilia kwamba leseni ya programu haina haki ya kuamua maunzi yatengenezwe vipi, na kiini cha Linux kimebaki kwenye toleo la 2 hadi leo. Namheshimu sana, lakini hapa naona alikosea, na kila ruta iliyofungwa kwenye droo za Afrika Mashariki inanipa sababu ya kuona hivyo. Hata kama anwani ile ingenijibu na kunitumia msimbo, huenda ruta yangu ingeukataa.

Kuhusu fimwea, yaani programu ndogo inayokaa au kupakiwa ndani ya chipu za kifaa chenyewe, msimamo wangu ni laini zaidi, na najua utawaudhi baadhi ya watu wa upande wangu. Free Software Foundation huihesabu fimwea iliyochomwa moja kwa moja ndani ya chipu, isiyobadilishika, kama sehemu ya saketi, lakini ileile ikipakiwa kutoka kwenye diski inaitwa programu isiyo huru na kifaa kinakosa baraka zake. Kwangu huu ni mchezo wa maneno: msimbo ni uleule, tofauti ni kwamba mmoja umefichwa mahali ambapo hata kiwanda hakiwezi kuurekebisha. Debian, mfumo wa Linux unaotengenezwa na watu wa kujitolea, ilikuwa na busara zaidi. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura, na tangu Debian 12 iliyotoka Juni 2023 diski rasmi ya kusakinishia inakuja na fimwea hizo, zikiwa kwenye fungu lake lenye jina linalosema wazi kwamba si huru. Kabla ya hapo mtu aliyeletewa laptopu isiyo na tundu la waya wa mtandao alikuwa akishindwa kuunganisha waifai wakati wa kusakinisha, kwa jina la uhuru wake. Nisichokipenda ni pale fimwea inapogeuzwa maficho. NVIDIA, kampuni ya chipu za michoro, ilipofungua moduli zake za kiini, yaani sehemu za draiva yake zinazoingia kwenye kiini cha Linux, mwaka 2022 wengi walishangilia, lakini kazi nyingi iliyokuwa kwenye draiva ilikwisha kuhamishiwa kwenye fimwea ya chipu, sawa na kumkaribisha mgeni sebuleni baada ya kuhamishia vyombo vyote chumba cha ndani.

Haya yote yanaonekana mbali mpaka mtu aende kununua laptopu ya mtumba Kariakoo. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, ni kuanzia kizazi cha nane isipokuwa chache. Matokeo yake ni kwamba mashine nzima za mwaka 2016 na 2017, ambazo hazina ugonjwa wowote, zimezeeka kwa karatasi. Fundi atakuambia ipo njia ya kuupita ukaguzi huo, na ni kweli ipo, ila mwenye njia ndiye anayeamua lini aizibe. Ninaandika haya kwenye ThinkPad T470 ya mwaka 2017, yenye nafasi mbili za RAM na betri ya nyuma inayotoka bila bisibisi, inayoendeshwa na Debian, na sijaona sababu ya kuibadilisha.

Kwa wanaosema kwamba programu huria ni mambo ya Wazungu wenye muda, nawakumbusha Jambo OpenOffice, iliyotolewa Desemba 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wetu walikaa chini wakaitafsiri programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na hawakuhitaji kuomba kibali Marekani, kwa sababu kibali kilikuwa tayari kwenye leseni. Maneno kadhaa waliyoyachagua bado yananishinda kuyazoea, lakini huo ni ugomvi wa ndani ya nyumba.

Siku hizi nyumbani kwangu ipo OpenWrt One, ruta iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2024 na mradi wa OpenWrt wenyewe kwa kushirikiana na Software Freedom Conservancy, shirika la kutetea programu huria, na kutengenezwa na Banana Pi. Ina RAM ya GB 1 na hifadhi mbili tofauti, ili ukiiharibu moja wakati wa majaribio uiamshe kwa nyingine. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 89 pamoja na boksi lake, ambayo kwa mfuko wa kwetu si ndogo, na haina sehemu ya laini iliyojengewa ndani, kwa hiyo bando linapita kwenye simu ya zamani niliyoichomeka kwa waya wa USB. Waifai yake nayo inapakia fimwea ambayo siwezi kuisoma.

Ninapoenda kununua mashine ya mtu, siku hizi sianzi na kizazi cha prosesa. Naomba mfuniko wa chini ufunguliwe kwanza, niangalie kama RAM imechomelewa kwenye ubao, kama diski inachomoka, kadi ya waifai ni ya nani, kisha naichomeka flashi yenye Debian niione ikiwaka. Muuzaji mmoja, ambaye mwanzoni alidhani namtuhumu kwa wizi, sasa akiniona tu mlangoni hutoa bisibisi kwanza, salamu zinafuata.