Andika sharti, si "tumia kwa uangalifu"

Komenti ya "tumia kwa uangalifu" haimsaidii mtu. Anayeita funksheni yako anataka kujua ahakikishe nini kabla ya kuita, na kipi utakikagua wewe ndani.

Chukua maktaba ya C inayosoma uzito kutoka mizani ya dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma. Pakiti inaingia kwenye bafa ya baiti 64. Uzito kwa gramu ni namba ya baiti 4, ile ndogo ikitangulia. Funksheni inapokea bafa, urefu wake, na mwanzo, yaani nafasi ya baiti uzito unapoanzia. Juu yake:

```
/* bafa: si NULL, baiti zote za urefu zinasomeka,
   wala hakuna uzi mwingine unaoziandika.
   mwanzo: thamani yoyote, ikivuka mpaka jibu ni -1.
   Anwani si lazima igawanyike kwa 4. */
```

Mstari wa `mwanzo`, ule wa pili, ndio husahaulika. Usipoandika nani anakagua, mtategeana na hakuna atakayekagua.

Sasa ukaguzi wenyewe:

`if (mwanzo + 4 > urefu) return -1;`

Unaonekana sawa, kumbe una tundu. Kwenye chipu ya biti 32, mwanzo ukiwa 4294967294 jumla inapita kikomo cha biti 32, inazunguka na kuwa 2. Mbili haizidi 64, basi inapita, na unasoma nje ya bafa. Toa badala ya kujumlisha:

`if (urefu < 4 || mwanzo > urefu - 4) return -1;`

Nusu ya kwanza usiiondoe: urefu ukiwa 3, kutoa 4 nako kunazunguka.

Ahadi ya anwani ina gharama yake. Ukigeuza pointa kuwa ya uint32_t (namba ya biti 32) na kusoma kupitia hiyo, chipu ya Cortex-M0 itagoma palepale anwani isipogawanyika kwa 4. Unganisha baiti moja moja, au zinakili kwa memcpy.

Na assert, ile inayosimamisha programu sharti likivunjika? Hufutika alama ya NDEBUG ikiwekwa wakati wa kukompaili, kwa hiyo ni ya kunasa kosa la mwandishi wa programu. Namba iliyotoka kwenye waya inahitaji if ya kweli. Hitilafu ya Heartbleed ya 2014 katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji wa mawasiliano, ilikuwa hiyo hiyo: urefu uliotajwa na pakiti yenyewe uliaminiwa, na ombi moja likaweza kuvujisha hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu.

Wanaotumia lugha ya Rust wana Clippy, zana ya kukagua msimbo, inayolalamika funksheni ya unsafe (ile ambayo usalama wake unamtegemea anayeiita) iliyo wazi kwa umma ikikosa kifungu cha usalama. Clippy haipimi maana, lakini. Komenti ya SAFETY juu ya get_unchecked, inayosoma bila kukagua mpaka, itaje mstari uliothibitisha indeksi. Ikisema tu "indeksi ni sahihi", irudishwe kwa aliyeiandika.