Siku moja maishani mwangu: mikono yenye joto

Saa 1 asubuhi ninapokea zamu katika wodi ya wagonjwa mahututi. Katika kitanda cha tatu amelala mama mwenye uzito wa kilo 60, aliyeletwa usiku akiwa na sepsisi, yaani mwitikio wa mwili kwa maambukizi unaodhuru viungo vyake wenyewe, iliyotokana na maambukizi ya figo. Amekwishapewa antibiotiki na lita 1.8 za maji kwa dripu, lakini shinikizo lake la damu ni 82 kwa 40 na moyo unapiga mara 128 kwa dakika. Mikono yake ina joto, na joto hilo halinifariji: kinga ya mwili iliyopita kiasi husababisha kuta za mishipa kutoa oksidi ya naitriki kwa wingi, mishipa ikalegea, huku kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, zikivujisha maji tunayomwongezea.

Saa 2 tunamwanzishia dawa ya noradrenalini ili kuikaza mishipa. Kufikia saa 4 wastani wa shinikizo umepanda kutoka 54 hadi 68, juu ya 65 tuliyoikusudia, na wenzangu wanapumua. Mimi nabonyeza ukucha wake: rangi inarudi polepole mno, baada ya sekunde 5, ishara kwamba damu haifiki vizuri, na mkojo bado ni kidogo.

Saa 5 ninaupima moyo kwa mawimbi ya sauti. Usiku ulionekana una nguvu za kutosha. Sasa ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini, imetanuka na inasukuma asilimia 35 tu ya damu iliyomo. Si kwamba noradrenalini imeuharibu. Moyo uliokuwa ukisukuma damu katika mishipa iliyolegea ulikuwa kama mtu anayesukuma mlango ulio wazi, na udhaifu wake umeonekana mlango ulipopata uzito. Troponini, protini inayovuja damuni misuli ya moyo inapoumia, imepanda kidogo, lakini ukuta wote wa ventrikali umedhoofika, si sehemu moja kama inavyokuwa mshipa wa moyo unapoziba. Namwongezea dobutamini, dawa ya kuupa moyo nguvu, kwa dozi ndogo na kusimamisha maji, kwa kuwa yangeishia mapafuni.

Saa 9 mapigo yanavurugika kwa muda. Tunapunguza dobutamini na kurekebisha potasiamu. Saa 11 laktati, ambayo hupanda damuni tishu zinapokosa oksijeni ya kutosha, imeshuka kutoka 4.6 hadi 2.9.

Jioni mwanawe ananiuliza, “Daktari, mama ameanza lini kuugua moyo?” Namweleza kwamba udhaifu wa namna hii, unaoletwa na sepsisi, mgonjwa akinusurika, mara nyingi hupungua ndani ya siku 7 hadi 10, na kwamba tutaupima tena. Ninapokabidhi zamu, ukucha unarudisha rangi kwa sekunde 3.