Nilivyotumia mlenda kuwaelewesha wanafunzi wangu mambo ya bahari

Nafundisha baiolojia sekondari huku Chamwino na darasa zima la kidato cha nne aliyewahi kuiona bahari ni mmoja tu. Mwaka jana niliandika notsi ubaoni za jinsi mbolea inavyozama na kupanda baharini wakakariri, baada ya wiki hakuna aliyekumbuka kitu, roho iliniuma kweli.

Safari hii nikaanzia zizini. Nikawauliza samadi ukimwaga shambani inaenda wapi, wakasema inaozea palepale mtama unakula mwalimu. Nikawaambia baharini sivyo, yani vile vijimea vidogo vya juu ambavyo ndo vinafanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia vikifa vinazama, na mwanga unaishia kama mita 200, kwa hiyo mbolea inaenda kuozea gizani ambako hamna mmea wa kuila.

Dogo mmoja akauliza, mwalimu, vitu ambavyo hata havionekani kwa macho vinazamaje? Swali zuri sana hilo, maana kimoja kimoja kingechukua miaka kufika chini. Hapo ndo nikakumbuka mlenda. Tukachota maji ya lambo yenye tope kwenye chupa mbili, moja nikatia ute wa mlenda kidogo sana nikatikisa, nyingine nikaiacha hivyohivyo, tukasubiri. Ile ya mlenda tope likashikana vibonge vibonge likaanza kushuka, nyenzake bado rangi ya chai ya maziwa. Nikawaambia vijimea navyo vinatoa ute, vinanasana na mavi ya vidudu, vinashuka makumi hadi mamia ya mita kwa siku, wataalamu wanaita theluji ya bahari. Darasa lililipuka kwa kelele!

Habari ya bakteria waliielewa haraka, mboji wanaijua: sehemu kubwa ya hiyo theluji inaliwa na bakteria njianinjiani, inayozikwa kwenye tope la chini haifiki hata asilimia 1 ya ile iliyotengenezwa juu. Iliyooza inabaki kama chumvichumvi kwenye maji ya chini mpaka kitu kiyapandishe, mfano pwani ya Somalia upepo wa kusi unasukuma maji ya juu yaende mbali na ya chini yanapanda na mbolea yake, samaki wanajaa.

Hicho cha upepo ndo bado kinanisumbua kuonyesha, nimejaribu karai na maji ya baridi yenye rangi chini, tukapuliza weee, yakachanganyika tu. Mwalimu mwenzangu kama ulishafanikiwa naomba uniambie ulifanyaje.