Nilivyojifunza kuandika hadithi za mapenzi

Mswada wangu wa kwanza uliishiwa pumzi ukurasa wa 40. Fundi saa na mteja wake walikutana sura ya kwanza, wakapendana sura ya pili, na kufikia sura ya tano hawakuwa na la kufanya ila kuambiana "nakupenda" kwa maneno mapya. Nikaleta ajali ya gari. Nikaleta mchumba wa zamani mwenye wivu. Kisha nikapoteza barua, wakaachana kwa ajili yake. Nilimpa rafiki yangu asome, mtu asiyemvika mwenzake kilemba cha ukoka. Aliurudisha na swali moja: "Kwa nini hawa wasikae wakazungumza dakika tano tu?"

Swali lilinichoma kwa sababu sikuwa na jibu. Wangezungumza dakika tano, riwaya ingekwisha. Vikwazo vyote nilivyowawekea vilitoka nje. Hakuna aliyezuiwa na nafsi yake.

Nikarudi kusoma, safari hii kalamu mkononi. Kila wapenzi waliposogeleana niliweka alama nyekundu, walipotengana ya bluu. Riwaya iliyonifunza zaidi ni Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyotoka mwaka 1813. Ina sura 61, na Darcy anamposa Elizabeth mara ya kwanza katika sura ya 34. Anakataliwa. Anakiri kumpenda, na papo hapo anamweleza Elizabeth jinsi ukoo wa kwao Elizabeth ulivyo duni. Hawa walizungumza, tena kwa uwazi mkubwa, na mazungumzo yenyewe ndiyo yaliyowatenganisha! Nilipoona hivyo niliufunga mswada wangu kabatini.

Kwa wiki tatu sikuandika hadithi. Niliwahoji wahusika wangu: unataka nini, unaogopa nini, na ukipenda utapoteza nini? Swali la tatu ndilo lililotoa mali. Mwanamke wangu alikuwa amemuuguza baba yake miaka mingi, na baada ya mazishi aliapa kwamba hatategemewa tena na mtu yeyote. Fundi naye alianza kupoteza uwezo wa kuona, na kazi yake yote imo machoni. Kila anavyomkaribia mwanamke huyu, ndivyo ukweli anaopaswa kumwambia unavyozidi kuwa mzito. Sasa hata wangezungumza usiku kucha, tatizo lingebaki pale pale.

Lililonitesa zaidi lilikuwa lugha. Kurasa zangu zilijaa mioyo inayodunda na macho yanayong'aa kama nyota. Tangu utotoni nilijua methali isemayo mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, lakini siku zote niliisikia kama habari ya mtu anayekohoa. Siku moja nilimwona upya: ni mtu anayejizuia kukohoa. Ameziba mdomo, mabega yanatikisika, na wote waliomzunguka wamekwisha kujua. Huyo ndiye wa kumwandika.

Nikafuta tamko la mapenzi la sura ya pili, kurasa nne nilizokuwa nikijivunia. Mahali pake mwanamke anakuja kuchukua saa ya marehemu baba yake. Imeshatengenezwa. Fundi anasema bado, ipite wiki moja. Mwanamke anatazama meza, anasema, "Basi nitapita tena." Neno "penda" halimo, na nilipoisoma kwa sauti, koo lilinikaba.

Mwanzoni nilikuwa nimeongeza sentensi moja: mwanamke alisikia saa ikitembea ndani ya droo. Niliipenda, ila ilibidi niitoe, kwa kuwa tukio lile linasimuliwa kupitia fundi, naye hawezi kujua mwenzake amesikia nini. Hapo ndipo nilipoacha tabia ya kurukaruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine katika tukio moja. Msomaji akiiona mioyo yote miwili kwa wakati mmoja, hana tena cha kukisia.

Mwisho haukunisumbua sana. Msomaji wa hadithi hizi anatarajia kufunga kitabu akiwa na matumaini, nami naona ni haki yake. Kazi ni kuwafanya wapenzi waulipie mwisho huo. Wangu waliulipia: yeye alivunja kiapo chake akijua anachokivunja, naye fundi akakubali kushikwa mkono.

Niliandika upya mara tano, kwa miezi 14. Nilipompelekea rafiki yangu mswada, sikumweleza kilichobadilika. Alinipigia simu usiku uleule, akiwa sura ya pili.

"Hebu niambie," akasema. "Yule mwanamke aliisikia saa inatembea, au hakuisikia?"

Nikamwambia aendelee kusoma.